Mshenga wa Vyungu

Kabale, saa mbili usiku. Ukungu umeshuka hadi kwenye bati,
nami nimekaa jikoni na vyungu vitano, chupa mbili,
na amri ya kuwaoza kabla hakujapambazuka.

Bwana Turyahikayo, mwenye hoteli kule Bunyonyi,
ameniachia karatasi:
samaki kwa divai nyeupe, nyama kwa nyekundu, mwisho.
Nikamwuliza, "Na karanga je?"
Akakohoa. Akatazama saa yake.

Mimi upishi nilijifunza kambini,
masufuria ya watu mia, mwiko mrefu kama kasia.
Mchuzi mmoja, chai moja,
vikipatana visipatane, filimbi ikilia unakula.
Leo uzeeni naambiwa niwe mshenga.

Haya. Wa kwanza kuposwa, supu ya mbuzi,
mifupa iliyochemka tangu adhuhuri,
ndimu, pilipili mbuzi moja tu, lakini yenye kinyongo.
Nikamletea nyekundu, ile ya shingo ndefu.
Wakagombana mlangoni.
Pilipili iliichoma divai, na divai kwa hasira
ikageuka sarafu ya shaba juu ya ulimi wangu.
Talaka, na mahari haijahesabiwa.

Wa pili, maharage yaliyomenywa ganda, moja baada ya jingine,
na shemeji yangu Kyarikunda,
hata vidole vyake vikakunjamana kwa maji.
Mchuzi mzito, mpole, samli imeelea juu.
Nyekundu ileile ya ugomvi
ikavua viatu, ikaingia kwa adabu.
Nikanywa tena kuhakikisha.
Nikanywa tena.

Kamba wa ziwani walikubali nyeupe mara moja.
Karatasi ilisema kweli, nakiri,
ingawa nilitamani sana iseme uongo.

Ikaja karanga.
Karanga na samaki wa moshi, rangi ya ukuta wa udongo,
mchuzi unaofunika kila kitu kama blanketi la hospitali.
Nyeupe ilizama humo, hatukuisikia tena.
Nyekundu ilipiga kelele kidogo, ikanyamaza.
Nikakuna kichwa. Nikaongeza kuni.

Ndipo Keihangwe, jirani, akasukuma mlango kwa goti,
mikono yote miwili imekumbatia dumu la njano:
divai ya nanasi,
miezi saba ilikuwa imelala chini ya kitanda chake
pamoja na viatu vya marehemu na jembe lisilo na mpini.
Hakuuliza. Alimimina kwenye kikombe cha bati.
Kali, chachu, ina kiburi cha mwanamke aliyesomesha watoto wanane.
Ikapasua karanga katikati,
na humo ndani nikamkuta samaki, na moshi wake,
na chumvi niliyoitia asubuhi nikaisahau.

"Umeona?" akasema. "Karanga inataka mtu wa kuigombeza."

Tukanyamaza. Tukarudia.
Kyarikunda akachukua kijiko bila kuitwa.

Chungu cha tano, miguu ya ng'ombe,
iliyoiva mpaka mdomo unagandana na mdomo.
Huyu nilimjaribia wote watatu, akawakataa wote,
wala si kwa ubaya.
Ni mjane mwenye shamba lake. Apewe maji ya moto, aachwe.

Usiku wa manane nikamwandikia bwana jibu
nyuma ya karatasi yake, kwa mwandiko ulioanza kuyumba:
Mbuzi, punguza pilipili au usimwoze.
Maharage, nyekundu. Kamba, ulivyosema.
Miguu, usiiguse.
Karanga: muulize Keihangwe. Dumu la njano.
Alipwe kwanza.

Kisha nikajipakulia ile supu ya mbuzi iliyokataliwa,
imepoa, imefunga utando wa mafuta kama barafu ya dimbwi.
Nikaivunja kwa kijiko.
Nikainywa peke yake, pilipili na yote,
machozi yananitoka, pua inatiririka,
na baridi ya Kabale, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu,
ikatoka magotini.